Modi za Skeli Meja katika Solo ya Gitaa: Anza na Besi Kabla ya Vidole

Mpiga gitaa anayejifunza modi, yaani skeli zinazopatikana skeli meja ikianzishwa kwenye noti tofauti, kwa kawaida hupewa michoro saba ya kuweka vidole, akaambiwa kwamba kila mchoro una jina lake la Kigiriki, kisha akaachwa aende akafanye mazoezi peke yake. Baada ya miezi kadhaa vidole vinakwenda kwa kasi, lakini solo zote zinasikika sawa, na Doriani haitofautiani na Eolia isipokuwa kwa mahali mkono ulipo kwenye shingo ya gitaa. Sababu yake ni kwamba modi huumbwa na noti ambayo sikio limeikubali kuwa msingi wa wimbo, na noti hiyo mara nyingi hutolewa na mpiga besi au na kodi iliyo chini ya solo, hata kama mpiga solo ameanzia freti nyingine kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kusikia, unaendelea na noti mbili tatu zinazotenganisha modi moja na nyingine, ndipo unafika kwenye solo yenyewe.

Skeli moja, misingi saba

Aliyewahi kuimba kwaya kwa do re mi tayari analo nusu ya somo. Skeli meja ni do, re, mi, fa, so, la, ti, do, na umbali kati ya noti hizo ni toni nzima, yaani freti mbili, kila mahali isipokuwa kati ya mi na fa na kati ya ti na do, ambako ni nusu toni. Ukiimba noti hizohizo kutoka re hadi re ya juu, umeimba Doriani. Kutoka mi hadi mi ni Frigia, fa hadi fa ni Lidia, so hadi so ni Miksolidia, la hadi la ni Eolia, ambayo ndiyo skeli maina ya kawaida, na ti hadi ti ni Lokria. Do hadi do yenyewe huitwa Ioni. Majina hayo ni ya Kigiriki, ila mpangilio wake ulikomaa katika muziki wa kanisa la Ulaya, na Ioni na Eolia ziliongezwa rasmi na msomi wa Uswisi, Heinrich Glarean, mwaka 1547. Jukwaani hakuna atakayekuuliza hayo.

Gitaa la kawaida lina njia nzuri ya kulithibitisha jambo hili bila msaada wa mpigaji mwingine, kwa sababu nyuzi zake zote zikiwa wazi (E, A, D, G, B na E, kutoka uzi mnene hadi mwembamba) ni noti za skeli ya C meja, yaani ile ambayo do yake ni C. Nyuzi huhesabiwa kuanzia mwembamba, kwa hiyo uzi wa kwanza ni E nyembamba na wa sita ni E nene. Chukua uzi wa pili peke yake na utafute noti za C meja juu yake: C iko freti ya 1, D freti ya 3, E ya 5, F ya 6, G ya 8, A ya 10 na B ya 12. Sasa gonga uzi wa nne ukiwa wazi, uache uvume, kisha utembee taratibu juu ya uzi wa pili ukitumia freti hizo tu. Unasikia Doriani ya D. Zima uzi wa nne, gonga wa tano, urudie mwendo uleule bila kubadili freti hata moja: sasa ni Eolia ya A, yenye huzuni zaidi. Uzi wa sita utakupa Frigia ya E, yenye giza na mvuto wa kwenda chini, na uzi wa tatu utakupa Miksolidia ya G, iliyochangamka. Kidole kimepita njia ileile mara nne, nacho kilichobadilisha kila kitu ni uzi mmoja uliokuwa ukivuma chini yake.

Usiliharakishe jaribio hili. Kaa juu ya kila noti mpaka ujue kama imetulia au inataka kwenda mahali. Noti ya B, kwa mfano, juu ya uzi wa D ina mng'ao fulani wa kupendeza, ilhali noti hiyohiyo juu ya uzi wa E imetulia kabisa, kwa kuwa ni noti ya tano ya E na ni sehemu ya kodi yake.

Kutoka pentatoni unayoijua

Njia iliyoelezwa hapo juu inafaa kwa kusikia, lakini kwa kubuni solo papo kwa papo ni nzito. Ukiwa katikati ya wimbo wenye msingi wa A, hutapata nafasi ya kujiambia kwamba Doriani ya A ni skeli ya G meja iliyoanzia kwenye noti ya pili. Ni rahisi zaidi kubaki na msingi mmoja na kuuliza ni noti zipi zinazobadilika. Hapo pentatoni, ambayo karibu kila mpiga solo anaijua, inageuka kuwa ufunguo, kwa sababu ina noti tano tu na modi zina saba; kinachotenganisha modi ni zile mbili zinazoongezwa.

Chukua pentatoni maina ya A katika freti ya 5, yenye noti A, C, D, E na G. Ukiongeza B na F#, yaani F shapu (F iliyopandishwa nusu toni), umepata Doriani. Ukiongeza B na F ya kawaida, umepata Eolia. Ukiongeza Bb, yaani B flati (B iliyoshushwa nusu toni), pamoja na F, umepata Frigia. Kwenye uzi wa pili, F iko freti ya 6 na F# iko freti ya 7, zote zikiwa ndani ya mkono uleule. Kwenye uzi wa kwanza, Bb iko freti ya 6 na B freti ya 7. Hivyo tofauti yote kati ya modi hizi tatu za maina inakaa kwenye freti mbili za nyuzi mbili nyembamba, na mkono hauhitaji kuhama.

Kwa upande wa meja hali ni hiyohiyo. Pentatoni meja ya A ina A, B, C#, E na F#, na mkono wake wa kawaida uko freti ya 2. Ukiongeza D na G# ni Ioni. D na G ni Miksolidia. D# na G# ni Lidia. G na G# utazipata kwenye uzi wa kwanza, freti ya 3 na ya 4, na D na D# kwenye uzi wa pili, freti ya 3 na ya 4. Lokria haimo katika hesabu hii kwa sababu noti yake ya tano imeshushwa nusu toni, na pentatoni hizi mbili zote zina noti ya tano kamili.

Kutokana na hayo, kila modi ina noti yake ya utambulisho, ambayo ikiachwa solo haijulikani ni ya modi gani. Ya Doriani ni ya sita iliyobaki juu, ya Frigia ni ya pili iliyoshushwa, ya Lidia ni ya nne iliyopandishwa, na ya Miksolidia ni ya saba iliyoshushwa. Waimbaji wa kwaya wanazijua hizi mbili za mwisho kwa majina ya fe na ta, na nadhani ndiyo sababu wengi wao wakishika gitaa hawapati taabu na Lidia na Miksolidia.

Kodi za kusindikiza kwa kidole kimoja

Modi haifanyiwi mazoezi kwenye ukimya. Unahitaji kodi chini yako, na kama huna mwenzako wa kupiga ridhimu, rekodi mwenyewe kwa simu dakika tatu nne za kila mzunguko ufuatao. Nyuzi zinazopigwa ni nne tu, kuanzia wa tano hadi wa pili. Uzi wa tano unaachwa wazi wakati wote ili A isikike kama besi, na kidole kimoja kinalala juu ya uzi wa nne, wa tatu na wa pili.

Kidole kikilala freti ya 2, umepata kodi ya A. Kiondoe kabisa, na nyuzi tatu zilizo wazi zinatoa kodi ya G juu ya besi ya A. Rudia A na G, vipimo viwili (vifungu vya mapigo manne manne) kila moja, na sikio halina njia isipokuwa Miksolidia, kwa kuwa noti ya G imo ndani ya kodi yenyewe. Rudisha kidole freti ya 2, kisha ukisogeze hadi freti ya 4: hiyo ni kodi ya B juu ya besi ya A, nayo ina D#, noti inayoitambulisha Lidia. Ukitaka Ioni, zunguka kati ya freti ya 2, ya 7 na ya 9, yaani A, D na E.

Kwa modi za maina, badala ya kodi ya A piga A maina ya kawaida, ile inayoshikwa kwa vidole vitatu katika freti mbili za mwanzo, kisha uibadilishe na mojawapo ya kodi za kidole kimoja. Freti ya 7 ni D meja, yenye F#, kwa hiyo A maina na D zinaleta Doriani. Freti ya 10 ni F meja, na mzunguko huo ni Eolia. Freti ya 3 ni Bb meja, na hapo Frigia inajitokeza mara moja.

Mizunguko hii pia ndiyo itakayokufundisha kuchagua modi katika nyimbo za watu wengine. Swali la kujiuliza ni moja: baada ya kujua msingi, kodi nyingine inaleta noti gani ambayo A peke yake haikuisema? Bendi ya Santana ilipoirekodi mwaka 1970 «Oye Como Va» ya Tito Puente, wimbo mzima ulizunguka kati ya A maina yenye saba na D yenye tisa, yaani kodi zilizoongezewa noti ya saba au ya tisa. D hiyo ina F#, basi ni Doriani, na mpigaji anayegusa F ya kawaida wakati kodi ya D inalia atajikuta akigombana na bendi nzima. Ukiona A maina, F na G zikizunguka, F imeshasemwa na kodi, basi ni Eolia. Ukiona kodi ya A7 (A meja yenye noti ya saba iliyoshushwa) imekaa muda mrefu bila kwenda popote, anza na Miksolidia.

Msikilizaji wa taarabu ya Unguja atahisi kwamba Frigia si ngeni kwake, kwani ngazi yake inakaribiana sana na Kurd, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu. Asiichanganye tu na Hijaz, ambayo ina noti ya tatu iliyopandishwa. Hijaz haipatikani ndani ya skeli meja hata ukiianzia wapi, na ukiitafuta kwa michoro ya modi hizi utahangaika bure.

Pale ambapo majina hayahitajiki

Kuna ushauri unaosambaa kwamba kila kodi ipewe modi yake: kwa C, F na G, mpigaji acheze Ioni ya C, kisha Lidia ya F, kisha Miksolidia ya G. Ushauri huo si wa uongo, ila haumsaidii mtu. Skeli zote tatu ni noti zilezile saba za C meja, na kodi zikibadilika kila baada ya mapigo machache sikio haliuhamishi msingi wake; linaendelea kusikia C. Sebene ya Kikongo, kwa mfano, mara nyingi hutembea juu ya kodi hizo tatu, na uzuri wa gitaa lake la solo unatokana na vifungu vifupi vinavyorudiwa, noti mbilimbili zilizopishana kwa tatu au kwa sita, na kuifuata kodi kwa usahihi mkubwa wa mapigo. Mpigaji anayehesabu modi katikati ya sebene atachelewa, na wachezaji watamjua kabla hajajijua.

Katika mazingira hayo, shughulika na noti za kodi: juu ya F elekea A, juu ya G elekea B. Modi inarudi kuwa na maana pale tu kodi moja inapokaa muda mrefu, au inapotokea kodi iliyo nje ya skeli. Wimbo wa C ukipitisha Bb meja, kodi hiyo imeleta ta, basi kwa muda huo Miksolidia ya C ndiyo inayofaa, na ukiishikilia B ya kawaida utaharibu.

Kuunda vifungu vyenye sura ya modi

Kosa la kawaida ni kupanda na kushuka skeli yote, noti baada ya noti, kwa mapigo yanayolingana. Hapo msikilizaji anasikia zoezi. Tafuta badala yake kifungu cha noti nne au tano ambacho noti ya utambulisho inaangukia pigo lenye uzito, hasa la kwanza au la tatu, kisha kinatua kwenye noti ya kodi. Katika Doriani ya A, kifungu E, G, F#, E, C kinatosha kabisa: F# ikikaa kwenye pigo la kwanza wakati kodi ya D inaingia, na C ikitua pale A maina inaporudi, modi imeshasemwa na huna deni tena. Kibadilishe mwendo wake, kiache kipumue kipimo kizima, kisha ukirudie kikiwa juu zaidi.

Kuvuta uzi ni chombo ambacho mpiga kinanda hana, na kinafaa sana hapa. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa tatu, freti ya 9, ambako ni E, ukikisaidia na vidole viwili vilivyo nyuma yake. Ukiuvuta uzi nusu toni unafika F, na rangi ni ya Eolia; ukiuvuta toni nzima unafika F#, na umeingia Doriani. Fanya mivuto hiyo miwili kwa kupishana juu ya A maina pekee, isiyo na kodi ya pili, na utasikia wimbo ukibadilika hali ilhali kidole hakijaondoka freti ya 9. Mvuto uliopungua kidogo, usiofika F wala F#, hauna modi yoyote, kwa hiyo kwanza ipige noti unayoilenga kwa freti yake (F ni freti ya 10, F# ni ya 11), kisha uvute hadi zilingane.

Zipo pia noti zinazohitaji uangalifu. Katika Ioni, noti ya nne ikishikiliwa juu ya kodi ya meja inagongana na noti ya tatu iliyo nusu toni chini yake, ipite, usikae. Katika Lidia noti hiyo imepandishwa, na ndiyo maana Lidia inaruhusu kukaa popote bila mgongano. Katika Frigia noti ya pili inagongana na msingi, lakini mgongano huo ndio wenyewe unaotafutwa. Ishikilie kadiri unavyotaka mradi uishushe kwenye msingi.

Kuhusu utaratibu wa kujifunza, ningeanza na Doriani na Miksolidia, nikakaa nazo muda mrefu kuliko zote, kwa sababu ndizo zinazokutana na mpigaji wa gitaa mara nyingi zaidi. Lidia na Frigia zifuate. Lokria inaweza kusubiri: kodi yake, ile ya maina yenye saba na tano iliyoshushwa, hupita tu ikielekea kwingine, na kwa kipimo kimoja au viwili noti za kodi yenyewe zinatosha.

Zoezi la vipimo 32

Mfano bora wa kujaribia Doriani ni umbo la «So What», iliyorekodiwa na mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis huko New York mwaka 1959. Lina vipimo 32: kumi na sita vya Doriani ya D, vinane vya Doriani ya Eb, kisha vinane vya Doriani ya D. Hakuna kodi nyingi za kujificha nyuma yake, kwa hiyo udhaifu wowote wa vifungu unaonekana. Rekodi D maina yenye saba na Eb maina yenye saba kwa mpangilio huo, kwa mwendo wa wastani, ukihesabu mapigo manne kwa kila kipimo.

Mazoea ya wengi wakifika kipimo cha 17 ni kuhamisha mkono freti moja juu na kurudia walichokuwa wakipiga. Inakubalika mara moja, ila ikirudiwa inachosha. Angalia badala yake noti zinazoshirikiwa. Doriani ya D ina D, E, F, G, A, B na C. Doriani ya Eb ina Eb, F, Gb, Ab, Bb, C na Db. Zinazobaki ni mbili tu, F na C. Ishike C katika kipimo cha 16, ambapo ni noti ya saba ya D, na uivushe bila kuigonga upya hadi kipimo cha 17: pale besi inapopanda kwenda Eb, C hiyo inageuka kuwa noti ya sita, yaani noti ya utambulisho wa Doriani mpya, nawe hujasogeza kidole. Wakati wa kurudi, mwishoni mwa kipimo cha 24, tumia F: juu ya Eb ni noti ya pili, na D ikiingia inakuwa ya tatu ya maina, mahali pazuri pa kuanzia kifungu kinachofuata.